Siku ya 42, Siku ya 60

Mhadhara huu kwa watu wa Ziba, wilayani Igunga, unahusu ini la mtoto mchanga, na nyumba inayoishi ikisubiri ini jingine. Utaanzia kwenye nepi, maana huko ndiko ugonjwa unakojitokeza kwanza.

Ni alfajiri. Mama anafungua nepi ya mtoto wa mwezi mmoja na siku chache. Choo cha mtoto wa umri huo anayenyonya huwa cha manjano kama kiini cha yai la kienyeji, au cha kijani, au cha kahawia, na rangi zote hizo ni za afya. Cha mtoto huyu kimepauka kama udongo mweupe wa kupakia ukuta. Mkojo, ambao kwa mtoto mchanga hautakiwi kuacha hata doa, umeacha duara la rangi ya chai kavu. Macho yameingia manjano. Lakini mtoto mwenyewe ananyonya vizuri, analala vizuri, anaongezeka uzito, na jirani akipita anasifu mashavu. Bibi mzaa mama anamwinua, anamtazama, anamrudisha mgongoni kwa binti yake. "Huyu mzima," anasema. Nyumba nzima inatulia.

Familia hii ni ya mfano, ndiyo maana haina jina. Ugonjwa wake, sheria itakazokutana nazo, miaka na hospitali zitakazotajwa ni vya kweli.

MANJANO YA AINA MBILI

Kiswahili kina neno moja, manjano, na neno hilo limebeba mizigo mingi. Kuna homa ya manjano inayoletwa na mbu. Kuna homa ya ini inayobadilisha macho ya mtu mzima. Kuna selimundu, ambayo nayo huyapa macho rangi hiyo. Na kuna manjano ya watoto wachanga, ambayo huwapata zaidi ya nusu yao katika wiki ya kwanza kwa sababu ini lao bado halijazoea kazi. Haya ndiyo manjano wanayoyajua bibi zetu. Yakizidi sana siku za mwanzo, mtoto huhitaji taa maalumu za hospitali. Yakiwa ya kawaida, kwa mtoto aliyetimiza miezi yake tumboni huwa yameondoka anapofikisha wiki mbili. Ushauri unaosikika kila mahali, kwamba mtoto atolewe nje aote jua la asubuhi, umezaliwa hapo. Yalikuwa yaondoke yenyewe, yakaondoka, jua likapewa sifa.

Manjano ya pili hayajali jua. Ini hutengeneza nyongo, nyongo hupita kwenye mirija, huingia utumbo mdogo, husaidia kusaga mafuta na ndiyo hukipa choo rangi yake. Kwa mtoto huyu mirija imesinyaa na kuziba. Wenyeji wa Ziba watasamehe: jina la mahali pao na kitenzi cha ugonjwa huu ni kitu kimoja kwa sikio. Nyongo ikikosa njia hurudi ndani ya ini na kuliunguza polepole mpaka ligeuke makovu. Huko Ulaya ugonjwa huu humpata mtoto mmoja kati ya 15,000 hadi 20,000 wanaozaliwa. Taiwan huwapata wengi zaidi. Sayansi bado inatafuta chanzo chake. Haujapatikana ushahidi unaomtwika mama kosa, wala kwa chakula alichokula, wala kwa kazi aliyoifanya shambani akiwa mjamzito.

Ndiyo maana kipimo cha kwanza cha mtoto aliyebaki na manjano baada ya siku 14 ni cha damu. Maabara hupima bilirubini, kitu kinachomfanya mtu awe wa manjano, na hutenganisha sehemu ambayo ini halijaishughulikia na sehemu ambayo ini limekwisha kuitengeneza lakini imekosa njia ya kutoka. Hiyo ya pili ikipanda, tatizo liko kwenye ini au mirija yake, na saa imeanza kuhesabu.

Nyumbani wakati huo mtoto anapewa dawa ya chango. Mizizi inachemshwa, kijiko asubuhi, kijiko jioni. Anayeitoa anampenda mtoto, hilo halina ubishi. Ila dawa nyingi hupitia ini, na ini hili limekwisha kuelemewa.

MSAFARA WA MIEZI MITATU

Mwaka 1955, katika Chuo Kikuu cha Tohoku mjini Sendai, Japani, daktari wa upasuaji Morio Kasai alimpasua mtoto mwenye mirija iliyoziba. Aliondoa mabaki ya mirija hiyo, akachukua kipande cha utumbo mdogo, akakishona moja kwa moja kwenye mlango wa ini. Nyongo ikapata njia. Aliueleza upasuaji huo kwa Kijapani mwaka 1959, nchi za Magharibi zikauelewa vizuri miaka karibu 10 baadaye, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake: Kasai.

Kasai ina sharti gumu. Hufanya kazi vizuri zaidi mtoto akiwa hajavuka siku 60 tangu azaliwe. Kila wiki inayoongezeka hupunguza bahati, kwa sababu ini linazidi kuwa gumu. Ikifaulu, mtoto anaweza kuishi miaka mingi na ini lake mwenyewe, ingawa wengi watahitaji jingine baadaye. Asipofanyiwa kabisa, wengi hawafiki miaka miwili.

Siku 60 ni nyingi au chache? Wenyeji wa njia ya misafara wana kipimo chao. Wasafiri Richard Burton na John Speke waliingia Kaze, jirani na Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, ikiwa siku ya 134 tangu waondoke pwani. Msafiri mwenzao Henry Morton Stanley alifika Unyanyembe, eneo hilo hilo, Juni 1871 baada ya takribani miezi mitatu kutoka Bagamoyo, na alijisifu kwa haraka hiyo. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyemtangulia, mwenye mzigo wa zaidi ya kilo 30 begani, asingeweza kumfikisha mtoto huyu pwani ndani ya siku 60. Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Leo basi linaloondoka Igunga alfajiri huingia Dar es Salaam usiku wake.

Kwa hesabu ya basi, mtoto angefika kwa daktari wa upasuaji na kurudi, kufika tena na kurudi, mara nyingi kabla ya siku ya 60. Hafiki.

Safari yake huenda hivi. Siku ya 16, zahanati: mama anaambiwa amwoteshe jua. Siku ya 42 ni chanjo ya wiki ya sita. Mtoto ananing'inizwa kwenye mizani, uzito unaandikwa kwenye kadi ya kliniki, mstari unapanda, mama anapongezwa. Siku ya 58 tumbo limeanza kuvimba, na mtu wa kituo cha afya anagusa kitu kigumu chini ya mbavu za kulia. Siku ya 70 hospitali inapima bilirubini. Siku ya 77 inaandikwa rufaa. Siku ya 81 baba anatafuta nauli na mtu wa kumwachia ng'ombe. Siku ya 96 wako Dar es Salaam, kwenye benchi, na daktari bingwa anauliza swali ambalo lingeweza kuulizwa siku ya 16: choo chake kina rangi gani?

Hakuna aliyelala katika hadithi hiyo. Kila aliyemwona mtoto alifanya jambo. Kutoka zahanati hadi kituo cha afya, hospitali ya wilaya, ya mkoa, ya kanda kama Bugando au KCMC, mpaka Hospitali ya Taifa Muhimbili, ngazi ziko wazi na zina watu. Siku ndizo zilizomwagika katikati ya ngazi moja na nyingine.

KUSUBIRI KUNA KAZI ZAKE

Kasai iliyofanywa kwa kuchelewa haikutosha, na sasa mtoto anahitaji ini jingine. Mtu akisikia kwamba mtoto anasubiri ini, hudhani familia imekaa. Nyumba hii haikai.

Kazi ya kwanza ni chakula. Bila nyongo mafuta ya kawaida hayasagiki. Yanapita yalivyo na kutoka na choo. Mtoto mwenye ini bovu huhitaji nguvu nyingi zaidi ya mwenzake wa umri mmoja, na anazipata kidogo. Hospitali huagiza maziwa yenye mafuta ya aina inayofyonzwa bila msaada wa nyongo, pamoja na vitamini A, D, E na K, ambazo hubebwa na mafuta na hivyo hupotea pamoja nayo. Vitamini K ikikosekana damu haigandi: fizi zinatoka damu, pua inatoka damu, na hatari kubwa zaidi ni damu kuvuja kwenye ubongo. Maziwa hayo hayauzwi kila duka la dawa, na kopo likipatikana mjini hununuliwa kwa fedha iliyotengwa kwa mbegu.

Kazi ya pili ni kupima, na hapa mizani hudanganya. Ini likiwa gumu, maji hujikusanya tumboni. Mtoto anaongezeka uzito huku akikonda. Kwenye kadi mstari unapanda, na mama anayejua kusoma kadi anafurahi. Muuguzi mzoefu huiacha mizani na kuchukua utepe wa kupimia mkono, ule wa rangi tatu unaotumiwa kutambua utapiamlo. Anauzungusha kwenye mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko. Kwa mtoto wa miezi sita na kuendelea, sentimita 12.5 au zaidi ni kijani, chini ya 11.5 ni nyekundu, katikati ni njano. Tumbo la mtoto huyu ni la ngoma. Mkono wake umeishia kwenye nyekundu. Mama hujifunza kuuzungusha utepe huo mwenyewe, na huuweka ndani ya kadi, kadi ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko ndani ya pochi inayolala chini ya mto.

Kazi ya tatu ni usiku. Nyongo iliyokosa njia huzunguka kwenye damu na kuleta muwasho usiokunika. Mtoto hulia saa saba, saa nane, saa tisa. Kucha hukatwa kila baada ya siku mbili, mikono huvishwa soksi, na bado asubuhi kuna michirizi ya damu kwenye masikio. Baba na mama wamegawana: mama kabla ya saa saba, baba baada yake, kisha baba anakwenda kwenye pamba bila kulala. Michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, anayopewa ya kutafuna njiani anairudisha nusu.

Kisha kuna yale ambayo hayana ratiba. Mishipa ya damu iliyobanwa na ini gumu huvimba kwenye koo la chakula, na siku moja inaweza kupasuka. Mtoto akatapika damu. Kwa hiyo kabla ya tukio hilo lazima ijulikane ni gari la nani, dereva ni nani, na mafuta yamo kiasi gani. Homa ya mtoto wa jirani husubiri asubuhi. Ya huyu haisubiri, maana ini lililounganishwa na utumbo kwa Kasai hupata maambukizi kwa urahisi.

Chanjo nayo inageuka kuwa mbio. Chanjo ya surua na rubela, ambayo Tanzania hutolewa miezi 9 na miezi 18, ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Mtoto akishapandikizwa atakunywa dawa za kushusha kinga ya mwili, na kwa kawaida chanjo hai hazitolewi tena. Madaktari hutaka aipate kabla. Mama anayepigania ini anajikuta akipigania pia sindano ya surua.

Nyumba inagawanyika. Mama na mtoto wako Dar es Salaam, kwenye chumba cha dada wa baba huko Mbagala, daladala mbili mpaka kliniki. Baba na watoto wakubwa wako Ziba. Mtoto wa miaka sita, aliyekuwa na kelele nyumba nzima, ameacha kuuliza mama atarudi lini. Sasa anauliza kama mdogo wake bado ana manjano. Mbuzi wawili wameuzwa, kisha ng'ombe mmoja, kisha mwingine kwa bei ya mtu mwenye haraka.

ORODHA ISIYOKUWEPO

Katika nchi nyingi tajiri, kusubiri ini maana yake ni kusubiri simu. Jina la mtoto huingizwa kwenye orodha ya taifa. Marekani tangu mwaka 2002 hutumia alama zinazokokotolewa kwa umri, vipimo vya damu na kudumaa kwa mtoto, ili aliye karibu zaidi na kifo atangulie. Familia hulala na simu mkononi, ikijua kwamba ikilia, mtoto wa nyumba nyingine amekufa.

Kwa mtoto wa Ziba hakuna orodha ya kuingia. Tanzania imepiga hatua kwenye figo: Muhimbili ilianza kupandikiza Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018, figo zikitoka kwa ndugu walio hai. Kwa ini la mtoto safari bado ni ya nje, na kwa wengi maana yake ni India. Kwa hiyo nyumba hii inasubiri vitu vitatu: mtu, karatasi na fedha.

Mtu kwanza. Ini lina sifa ambayo figo haina: likikatwa hukua tena. Kwa mtoto mdogo madaktari huchukua kipande cha pembeni upande wa kushoto, takribani robo ya ini la mtu mzima, na ini la aliyetoa hurudia ukubwa unaotosha ndani ya wiki na miezi michache. Hatari kwa anayetoa ni ndogo lakini ipo, na anapaswa kuambiwa hivyo bila kufichwa. Awe mtu mzima asiye mzee, mwenye kundi la damu linalokubaliana na la mtoto, ini lisilo na mafuta, asiye mjamzito, asiye na homa ya ini.

Mama anapimwa wa kwanza. Ana virusi vya homa ya ini B, hakuwahi kujua. Baba ni kundi B, mtoto ni O. Ukoo unakaa. Anasimama baba mdogo, kijana wa miaka 27 mwenye kundi O, anasema, "Nikateni mimi." Watu wanapiga makofi, na mzee mmoja anafuta macho.

Hapo ndipo Kiswahili na sheria vinapogongana. Kwa watu wa Ziba baba mdogo ni baba. Ndiyo maana ya jina lenyewe. India ilitunga sheria ya upandikizaji wa viungo mwaka 1994, hasa ili kukomesha biashara ya figo za maskini, na sheria hiyo inawataja ndugu wa karibu mmoja mmoja: mume au mke, mtoto, baba, mama, kaka, dada. Baba mdogo hayumo. Ili atoe, lazima athibitishe mbele ya kamati kwamba anatoa kwa upendo na hajalipwa, na mgeni yeyote asiye raia huchunguzwa zaidi. Mwaka 2011 sheria ilirekebishwa, wakaongezwa babu, bibi na wajukuu.

Bibi mzaa mama ana miaka 48. Aliolewa mapema na binti yake pia. Kundi lake ni O, ini lake safi. Ni yule yule aliyesema, "Huyu mzima."

Karatasi ni za pili. Mtoto anahitaji cheti cha kuzaliwa cha RITA, na bibi pia, na mama pia, maana ndiye kiungo kati yao. Bibi alizaliwa nyumbani miaka ya 1970 na hakuna aliyeandika. Kwenye kitambulisho cha NIDA jina lake lina herufi moja zaidi ya lile la kadi ya kupigia kura, na kwenye kadi ya kliniki ya binti yake liliandikwa la ubatizo. Kila tofauti ina kiapo chake, kila kiapo kina muhuri wake. Kisha pasipoti, ambazo tangu mwaka 2018 ni za kielektroniki kwa shilingi 150,000 kila moja, mara tatu: mtoto, mtoaji, na mtu wa kumshika mtoto wakati mtoaji naye amelala na kidonda. Kisha barua ya ubalozi inayothibitisha udugu. Kwa familia ambayo kila mtu kijijini anajua nani kamzaa nani, hii ndiyo kazi ngumu kuliko zote kuieleza.

Fedha ni ya tatu. Upasuaji wenyewe nchini India hugharimu makumi ya maelfu ya dola kwa mgonjwa wa nje, kabla ya nauli, chumba cha kupanga na dawa. Hapo dawa ya chango inakwisha na mchango unaanza: kikundi cha WhatsApp chenye jina la mtoto, kanisa Jumapili, msikiti Ijumaa, VICOBA, walimu wa shule ya msingi, wanunuzi wa pamba. Kamati yenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina, kama ya harusi. Mtu anashauri iwekwe picha ya tumbo la mtoto, kwa kuwa picha huchangisha. Baba anakataa mara mbili. Mara ya tatu anamvua mtoto shati na kugeuka pembeni wakati simu inapiga picha.

MAMA WA JOHANNESBURG

Afrika ina kisa kimoja kilichoandikwa vizuri kuhusu kusubiri huku. Kituo cha Wits Donald Gordon cha Johannesburg hupandikiza maini ya watoto. Mwaka 2017 kilikuwa na mtoto aliyekuwa amekaa kwenye orodha siku 181, wakati wastani wa hapo ulikuwa siku 49. Alikwisha kutapika damu na kulazwa chumba cha uangalizi maalumu. Mama yake aliomba tena na tena atoe sehemu ya ini lake. Jibu lilikuwa moja: mama alikuwa na virusi vya UKIMWI, na mtoto hakuwa navyo.

Timu iliyoongozwa na daktari wa upasuaji Jean Botha ilipeleka suala hilo kwenye kamati ya maadili. Swali halikuwa rahisi. Bila ini mtoto angekufa. Kwa ini la mama huenda angeishi na virusi vinavyodhibitiwa kwa vidonge. Mtoto alipewa dawa za kuzuia maambukizi kabla ya upasuaji, na akapandikizwa. Habari ilitangazwa Oktoba 2018. Mama na mtoto walipona vizuri, na zaidi ya mwaka baadaye vipimo vya mtoto havikutoa jibu la wazi kwamba aliambukizwa.

Familia kusafiri mbali kutafuta ini nako hakukuanza Afrika. Upandikizaji wa ini wenyewe ulijaribiwa kwa mara ya kwanza na daktari Thomas Starzl huko Denver, Marekani, Machi 1963, kwa mtoto wa miaka mitatu mwenye mirija iliyoziba. Mtoto alifia mezani. Mafanikio ya kwanza yalikuja mwaka 1967. Lakini wazo la kumkata mzazi aliye hai lilikaa mpaka Desemba 1988, Silvano Raia alipojaribu São Paulo, na mtoto wa kwanza kuishi baada ya njia hiyo alipandikizwa Brisbane, Australia, Julai 1989, na Russell Strong. Mtoto huyo hakuwa wa Australia. Wazazi wake walimtoa Japani, nchi tajiri yenye madaktari wa sifa, nchi ya Kasai mwenyewe, kwa sababu sheria za huko wakati ule hazikuruhusu kuchukua ini la mtu ambaye ubongo umekufa na moyo bado unapiga. Walivuka bahari wakisubiri ini la maiti. Halikupatikana. Mama akatoa sehemu ya ini lake.

Na India wanakokwenda wa Ziba nayo ilikuwa na siku yake ya kwanza. Novemba 1998, katika Hospitali ya Apollo mjini New Delhi, mtoto wa miezi 20 kutoka Kanchipuram alipewa kipande cha ini la baba yake. Alikuwa na ugonjwa huu huu. Mtoto huyo alikua, akasoma udaktari, na sasa anatibu.

Nyumba itakayorudi kutoka huko haitakuwa ile iliyoondoka. Mtoto atakunywa dawa ya kushusha kinga, kwa wengi ni takrolimasi, iliyopatikana Japani mwaka 1984 kwenye vijidudu vya udongo wa Tsukuba. Huinywa mara mbili kwa siku, saa zile zile, miaka yote. Kiwango chake kwenye damu lazima kipimwe. Kikishuka, mwili unalikataa ini. Kikizidi, figo zinaumia. Simu ya baba italia saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, msibani, harusini, kwenye foleni ya kupima pamba, na wanaomjua watanyamaza mpaka amalize kupiga nyumbani.

RUDI SIKU YA 42

Taiwan ilianza kuwapa wazazi kadi ya rangi za choo, na mwaka 2004 ikaifanya mpango wa nchi nzima. Ni karatasi yenye picha: rangi hizi ni salama, rangi hizi piga simu. Mama analinganisha nepi na picha. Mwaka huo wa 2004, takribani watoto sita kati ya kumi waliohitaji Kasai waliipata ndani ya siku 60. Mwaka uliofuata wakawa zaidi ya saba kati ya kumi. Japani imeweka kadi kama hiyo ndani ya kitabu cha mama na mtoto tangu mwaka 2012.

Ziba ina kadi ya kliniki, na ina siku ambayo karibu kila mama huja nayo. Chanjo ya wiki ya sita huangukia siku ya 42. Mizani imetundikwa, kina mama wako kwenye benchi, wengine wamekaa kwenye mizizi ya mwembe, na vitambaa vya rangi vimefunika nyuso za watoto. Muuguzi ana orodha ndefu na jua linapanda. Mtoto anavuliwa, anapimwa, anarudishwa kwenye mapaja ya mama. Sindano za siku hiyo huchomwa pajani, hivyo nepi imelegezwa tayari, sentimita chache tu kutoka mkono wa muuguzi.

"Mama, choo chake kina rangi gani?"

Mama anacheka kidogo, anaifungua. Muuguzi anainama, anatazama, anaandika, anaita anayefuata. Akiona rangi ya udongo mweupe, kabla ya siku ya 60 zimebaki siku 18, na basi la Igunga huondoka kila alfajiri.